Ovaroli Tisa za Buluu

Kijana alianguka saa nane na robo mchana, Jumatano ya mwisho ya Februari, katikati ya meza ya kuchomelea na rundo la tyubu za mraba. Hakupiga ukelele. Fundi aliyekuwa karibu naye alisikia grainda inalia sakafuni bila mtu, akageuka kumfokea aizime, ndipo akamkuta amelala ubavu, macho nusu wazi, ovaroli yake mpya imefungwa zipu hadi kidevuni.

Ovaroli hiyo nilimnunulia mimi. Nilinunua tisa, za buluu iliyokoza, jina la karakana limechapwa mgongoni kwa herufi nyeupe, na siku zilipoletwa nilijiona nimefika. Nakiandika kisa hiki kwa sababu kila aliyeniuliza baadaye alitaka jibu la neno moja. Njaa? Homa? Pombe ya jana? Nilipokaa chini kulipanga lile tukio nilikuta mambo kama matano yaliyokutana mchana mmoja, na nguo ndiyo iliyoyafungia ndani.

Karakana yetu iko Kariobangi Light Industries. Tunatengeneza malango, fremu za madirisha, vitanda vya chuma, na upande wa nyuma kuna mzee mwenye mashine ya kukereza anayetuchongea ekseli na bushi. Ukuta ni wa mawe hadi urefu wa mtu, kisha mabati. Paa ni mabati ya zamani, mepesi, yenye kutu, yamepigiliwa moja kwa moja kwenye kenchi. Dari hakuna. Mlango mkubwa unatazama barabara, na nyuma kuna kidirisha ambacho mpangaji aliyetutangulia alikiziba kwa hofu ya wezi, nasi hatukuwahi kukizibua.

Mtu wa Mombasa akisikia Nairobi kuna joto hucheka, na ana haki. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hata Februari na Machi, miezi yetu yenye joto kuliko yote, wastani wa joto la mchana ni nyuzi 28 hivi. Lakini kipimo cha hali ya hewa huchukuliwa kivulini, penye kupitisha upepo, ndani ya kisanduku cheupe, na hakuna anayechomelea lango ndani ya kisanduku cheupe. Tena kuna alfajiri. Februari hiyohiyo Nairobi huamka na nyuzi 14, na mtu anayetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu kutembea kutoka Huruma au Dandora huvaa kama anakwenda Limuru. Ubaridi huo wa asubuhi umo ndani ya kisa hiki kuliko nilivyodhani mwanzoni.

Tulimbeba hadi kibanda cha mama anayetupikia, maana ndicho kivuli pekee kilichokuwa karibu. Mama huyo hakuuliza maswali. Alishusha zipu ya ovaroli, akakuta chini yake sweta ya kofia. Chini ya sweta, fulana. Chini kabisa, ndani ya miguu ya ovaroli, suruali ya jinzi. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mmemfunga hivi kama mtoto mchanga?"

Akammwagia maji shingoni na kwapani, akachukua kipande cha katoni akaanza kumpepea. Mzee wa kukereza akainama karibu.

"Kijana wangu, unajua uko wapi?"

"Niko kazini, mzee."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatano. Samahani, mzee."

Jasho lilikuwa likimtoka kama bomba bovu, ngozi imepauka, baridi ukiigusa. Alijua jina lake, siku na mahali. Wakati huo sikujua kwamba majibu yale ndiyo yaliyokuwa yakituambia tuko upande gani wa mstari. Mtu aliyelemewa na joto huwa na kizunguzungu, kichwa kinamgonga, anatapika, misuli inakaza, lakini akili ipo. Akianza kuropoka, kutotambua watu, kukakamaa au kuzimia moja kwa moja, hicho ni kiharusi cha joto. Joto la ndani ya mwili limefika nyuzi 40 au zaidi, awe anatoka jasho au amekauka, na hapo haungojwi usafiri kwanza: anamwagiwa maji mwili mzima na kupepewa palepale huku gari likitafutwa, kwa sababu dakika ndizo zinazoua. Kijana wetu hakufika huko. Muuguzi wa kliniki alimpa maji ya chumvi na sukari, akamlaza saa mbili, akamwachilia. Nyumbani tulimwambia aendelee na yale ya kutengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa.

Maelezo yangu ya kwanza yalikuwa ya kivivu. Nilisema hakula. Kweli alikuwa na chai na andazi moja tu tumboni tangu alfajiri, basi nikaridhika. Mzee wa kukereza ndiye aliyenikatalia. "Mkubwa, mimi pia nimekula andazi. Nina miaka sitini na tatu. Mbona sijaanguka?" Swali hilo lilinikera siku mbili, kisha nikaanza kuuliza.

Kwanza, stima. Siku ile ilipotea saa tatu asubuhi na kurudi saa saba. Lango la mteja lilikuwa lipakiwe jioni. Kazi ya grainda na kuchomelea, ambayo kwa kawaida tungeimaliza kabla ya chakula, ikaangukia palepale jua linapokuwa kali. Ifahamike pia kwamba kwa Nairobi jua halisimami utosini saa sita kamili. Tuko magharibi kidogo ya mstari ambao saa zetu zinaufuata, kwa hiyo Februari na Machi utosi wenyewe ni kama saa sita na dakika arobaini, na paa huendelea kujaa joto kwa saa mbili nyingine. Katikati ya Machi jua hupita karibu sawasawa juu ya vichwa vyetu. Saa nane na robo, basi, ndiyo saa mbaya kuliko zote, na ndiyo tuliyoichagua kumalizia lango.

Pili, kijana alikuwa mgeni wa joto. Alitoka Kinangop, kwenye baridi ya viazi na kabeji, na hiyo ilikuwa siku yake ya tatu kwetu. Mwili huzoea joto, lakini huchukua wiki moja hadi mbili: huanza kutoa jasho mapema zaidi, jasho lenye chumvi kidogo, na moyo hupiga polepole zaidi kwa kazi ileile. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, hushauri kwamba mtu mpya kwenye joto afanye sehemu moja ya tano tu ya muda wa kawaida siku ya kwanza, kisha aongezewe moja ya tano kila siku. Sisi tulifanya kinyume. Mgeni ndiye hupewa grainda, kwa sababu hakuna mwingine anayeitaka, na mgeni ndiye haombi kupumzika.

Jambo la tatu lilinitia aibu. Maji yalikuwepo. Mtungi wa lita 20, safi, kando ya mlango, na vikombe. Nilikuwa nikiutazama kama ushahidi kwamba mimi ni mwajiri mwema. Nikamuuliza kijana aliporudi, mbona hukunywa? Akacheka kidogo, akatazama chini. Nikamuuliza dada anayepiga msasa na vanishi. Naye akacheka. Fundi wa kuchomelea ndiye aliyesema.

"Bosi, ukinywa lazima uende choo. Choo ni shilingi kumi."

Karakana yetu haina choo. Tunatumia kile cha kulipia kilicho mbele, na kwa miaka minne sikuwahi kufikiria kwamba mtu wa mshahara wa siku akinywa inavyostahili atakwenda mara nne. Shilingi arobaini ni nauli, au ni nusu ya chakula chake cha mchana. Kwa hiyo watu wangu walikuwa wakinywa chai saa nne, wakinywa maji jioni wakikaribia kufunga, na katikati wakikausha koo kwa hesabu. Dada wa msasa alikuwa na hesabu kali zaidi, maana mwanamume akizidiwa hupata ukuta.

Hebu tuweke hesabu nyingine kando ya hiyo. Mtu anayefanya kazi ya wastani hutoa joto kama la wati 300. Kulitoa lote kwa jasho peke yake kunahitaji karibu nusu lita ikauke mwilini kila saa. Ndiyo maana ushauri wa kawaida ni kikombe cha robo lita kila dakika 15 hadi 20 kwenye joto, bila kungoja kiu, na bila kupita lita moja na nusu kwa saa. Kijana, tangu stima irudi, alikuwa hajanywa hata tone. Niliongea na mwenye choo, tukapatana malipo ya mwezi kwa watu tisa. Kati ya yote niliyofanya baadaye hili lilikuwa miongoni mwa yale ya bei ndogo, na mtungi wa lita 20, uliokuwa ukikaa siku mbili, ulianza kuisha kabla ya saa tisa.

Sasa mabati. Nilikuwa na ile bunduki ya kupima joto ya wakati wa korona. Nikailenga juu, ikaandika HI, yaani joto limezidi kipimo chake, na kunyamaza. Imetengenezwa kwa paji la uso, haikuzaliwa kwa paa. Nikaazima ya fundi wa friji, na kwenye sehemu yenye kutu ilisoma nyuzi 61 saa saba na nusu. (Kwenye bati jipya linalong'aa vipimo hivyo hudanganya, husoma chini sana, kwa hiyo lenga penye kutu au bandika kipande cha utepe mweusi wa gundi kwanza.) Kisha nikafanya jaribio ambalo vijana walilicheka hadi walipoona majibu. Nilichukua vipimajoto viwili vya bei ndogo. Kimoja nilikining'iniza kwenye hewa, usawa wa kifua, mbali na jua. Kingine nilikitia ndani ya mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia niliokuwa nimeupaka rangi nyeusi isiyong'aa, nikaufunga, nikauning'iniza kando ya kile cha kwanza. Baada ya nusu saa hewa ilisoma 33. Mkebe ulisoma 39.

Tofauti hiyo ya nyuzi sita ndiyo iliyokuwa ikitupika, na kipimo cha kawaida hakiwezi kuiona. Inatoka juu kama miale, vile unavyohisi jiko la makaa usoni bila kuligusa. Mkebe mweusi unaipokea kama kichwa na mabega yanavyoipokea. Wataalamu wana kipimo kizima kinachojumlisha hewa, unyevu na miale ya namna hiyo, na mkebe wetu ni jamaa yake maskini, lakini kwa kujua kama paa ndilo adui ulitosha kabisa.

Hapo ndipo feni yangu ilipoingia kwenye kesi. Niliinunua Januari, kubwa, ya kusimama, na kila mtu aliilalamikia, nami nikawaona watu wasio na shukrani. Feni haipozi hewa. Inasaidia jasho kukauka, na hewa ikiwa chini ya nyuzi 35 hivi, joto la ngozi, inasaidia sana. Lakini haiwezi kuzuia miale ya bati, na nilikuwa nimeiweka mgongoni mwa fundi wa kuchomelea, ambapo ilichukua moshi wote wa elektrodi na kumrudishia usoni chini ya barakoa. Tuliihamishia ubavuni, ikavuta moshi kuelekea mlangoni. Kwa anayetumia mashine ya gesi, hata ubavuni ni taabu, upepo hupeperusha gesi na weldi hutoka na vitundu kama mkate. Sisi tunatumia elektrodi za kawaida, tukaponea hapo.

Paa lenyewe lilichukua wiki tatu za mazungumzo na mwenye jengo. Mtu mmoja alipendekeza tutundike dari ya magunia. Cheche zingeifikia siku ya kwanza, nikakataa. Mwingine akasema tupake chokaa juu, lakini chokaa haishiki vizuri kwenye mabati na mvua ya kwanza ya masika ingeisomba. Mwishowe tulifanya mambo mawili: tukasugua kutu na kupaka rangi nyeupe ya mabati juu, baada ya rangi ya msingi, na tukainua bati la mgongo wa paa kwa vipande vya mbao vya inchi nne, ili hewa moto iliyojikusanya juu ipate pa kutokea. Kidirisha cha nyuma tukakizibua na kukitia nondo. Wiki iliyofuata, siku yenye jua lilelile, mkebe ulisoma nyuzi mbili tu juu ya hewa. Tulijaribu pia kutundika magunia mabichi mlangoni, maana hewa ya Nairobi ya Februari ni kavu na gunia bichi hupoza upepo unaopita. Lilipoza kweli. Lakini tyubu zilizokuwa karibu zilianza kutoa kutu ya rangi ya chungwa, na magunia yakaondolewa kabla ya Ijumaa.

Nimeiacha nguo mwisho kwa sababu ndiyo niliyoiharibu mwenyewe.

Wakati wa kununua, muuzaji aliniapia kwamba kitambaa ni pamba tupu. Siku chache baada ya tukio nilivuta uzi kutoka kwenye pindo la ovaroli yangu, nikaupitishia kiberiti cha gesi. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha jivu laini ambalo hupotea ukilisugua. Huu ulijikunja kuukimbia moto, ukayeyuka, ukatoa moshi mweusi, na ukaacha kishanga kigumu ambacho kucha haikukivunja. Nilirudi dukani nacho kwenye kikaratasi. Muuzaji akakitazama.

"Mkubwa, kwani wewe unanunua nguo ya kuvaa ama ya kuchoma?"

"Kwetu ni yote mawili."

Hakurudisha pesa. Kilichokuwa kimeuzwa kwangu ni mchanganyiko wa polista na pamba, na wa kawaida madukani huwa polista 65 kwa pamba 35. Kwa mtu wa ofisi hakuna neno. Unakauka haraka, haukunjamani. Kwa fundi wa kuchomelea una makosa mawili. La kwanza ni cheche. Pamba nzito ikiangukiwa na cheche huungua na kuacha tundu. Polista huyeyuka na kushika ngozi. Nilipochunguza mikono ya ovaroli ya fundi wetu, iliyokuwa na majuma matano tu, nilihesabu vitundu kumi na saba, kila kimoja na ukingo mgumu kama pete ndogo, na juu ya mkono wake wenyewe madoa yaliyolingana navyo. Hakuwa amesema kitu. Alidhani ndiyo kazi.

Kosa la pili ndilo lililomwangusha kijana. Jasho halimpozi mtu kwa kutoka, humpoza kwa kukauka. Linalodondoka sakafuni ni maji yaliyopotea bure. Ovaroli ya kipande kimoja, ya kitambaa kilichoshonwa kwa kukaza, iliyofungwa kiunoni na kidevuni, juu ya sweta na jinzi, huufungia mvuke ndani hadi hewa iliyo kati ya nguo na ngozi inashiba na jasho halina pa kwenda. Mwili unaona haupoi, unazidi kutoa jasho, na mtu anakauka ndani huku amelowa nje. Na kwa nini hakuvua sweta? Kwa sababu alifika na baridi ya nyuzi 14 akaivalia ovaroli juu yake, na hatukuwa na mahali pa kubadilishia nguo. Angevulia wapi, mbele ya dada wa msasa na wateja? Mtu wa siku ya tatu haulizi. Tumetundika pazia kwenye kona na kupigilia misumari tisa ukutani. Hiyo misumari tisa ilistahili kununuliwa kabla ya ovaroli tisa.

Kosa langu kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa wazo lenyewe la sare moja kwa watu wote. Niliwaza mteja anayeingia mlangoni. Sikuwaza kwamba ndani ya chumba kimoja kuna kazi zinazotaka nguo zinazopingana.

Anayechomelea lazima afunike ngozi, joto liwepo lisiwepo, maana mwanga ule huunguza kama jua na hauchukui dakika nyingi. Kwa hiyo kwake swali ni kufunika kwa kitu kinachopumua. Tulinunua drili, kitambaa kizito cha pamba, Biashara Street, fundi cherehani wa Gikomba akashona shati na suruali mbali mbali, shati linakaa nje ya suruali ili hewa ipande kutoka kiunoni, na cheche zisipate pa kutulia. Hakuna mfuko wazi, hakuna pindo la kukunja mguuni. Mbele anavaa aproni ya ngozi na mikono ya ngozi, mgongo unabaki pamba tupu. Rangi ni ya giza kwa makusudi, maana nyeupe huurudisha mwanga chini ya barakoa na kumpiga machoni. Vijana walidhani nyeupe ingewapoza. Nje kwenye jua, ndiyo. Chini ya bati lenye moto, miale inayotoka humo si mwanga wa kuonekana, na kitambaa cheupe na cheusi huipokea karibu sawa. Rangi nyeupe kazi yake ni juu ya paa.

Chini ya shati huvaa fulana ya pamba, na huibadilisha wakati wa chakula. Hapo palikuwa na mgogoro. Fundi wetu ni wa Gor Mahia damu na mfupa, na jezi ile ya kijani ndiyo fulana yake ya kila siku. Jezi hukausha jasho vizuri uwanjani, lakini ni polista, na ndani ya shati lenye tundu la cheche ni mshumaa. Nilimwambia. Akaniuliza kama jezi ya Arsenal ni pamba. Nikamwambia zote ni plastiki, akasema angalau tumekubaliana kuhusu Arsenal, na sasa huivaa akienda nyumbani.

Mzee wa kukereza anataka kinyume cha yote hayo. Mashine inayozunguka hula chochote kinachoning'inia: mkono mrefu uliolegea, kamba ya kofia, glavu, skafu. Yeye huvaa shati la mikono mifupi iliyobana juu ya kiwiko, limechomekwa ndani, na mikono mitupu. Anapata upepo kuliko wote. Dada wa msasa hufunga kitambaa kichwani, na hakuna aliyemwambia akiache. Alikuja mwenyewe na cha pamba nyembamba, ncha zimeingizwa ndani ya kola, akasema cha mtelezo kilikuwa kikimtoa harara shingoni.

Kuna ujanja mmoja ambao kila fundi anaujua: taulo bichi shingoni. Inapoza kweli, na nilikaribia kuufanya kuwa sheria ya karakana. Mzee akanizuia kwa upande wake, kwa sababu za mashine inayozunguka. Kwa kuchomelea sababu ni nyingine. Mashine ya elektrodi ikiwa imewashwa bila kuchoma huwa na volti kama 60 hadi 80 kwenye kishikio. Ngozi kavu na glavu kavu huivumilia. Mtu aliyelowa, glavu zimelowa, ameegemea chuma huku akibadilisha elektrodi, hana ulinzi huo. Kwa hiyo taulo bichi ni la mapumzikoni, kibandani kwa mama, na anayechomelea ana jozi mbili za glavu, moja ikianikwa. Paji la uso tunalifunga kwa kipande cha marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba ambacho bibi zetu walikishonea mito. Kinanyonya jasho kabla halijaingia jichoni, na kikilowa hutupwa kwenye ndoo na kuchukuliwa kingine.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataja karibu yote niliyoyakosa: hewa, maji ya kunywa, vyoo, mavazi ya kujikinga. Nilikuwa nayo kwenye faili. Nilisoma sehemu ya mavazi nikanunua mavazi.

Ratiba nayo imebadilika. Januari hadi Machi tunaanza saa kumi na mbili na nusu, grainda na kuchomelea kwanza, na saa saba hadi saa tisa ni kupima, kukata kwa mkono, kupaka rangi kivulini nje. Stima ikipotea asubuhi, mteja hupigiwa simu aambiwe lango litatoka kesho. Wawili wamekasirika. Mmoja alirudi.

Kijana bado yupo. Alianza upya kwa saa mbili za grainda kwa siku, kisha tatu, kisha nne, na mwishoni mwa Machi alikuwa akimaliza siku nzima na mkebe ukisoma 34. Ovaroli nane za buluu ziko kwa mzee, anazitumia vipande vipande kufutia oili. Yangu ninayo, naivaa nikienda kupima malango nyumbani kwa watu.

Kisha ikaja Julai. Nairobi ya Julai mnaijua, wingu kutwa, vidole haviko. Asubuhi moja nilifika nikakuta vijana wamepanda juu usiku wa jana na kuliziba lile pengo la mgongo wa paa kwa magunia, yaleyale tuliyoyaondoa mlangoni, na moshi wa elektrodi umesimama ndani kama ukungu wa Kinangop. Nilipanda ngazi nikatoa nusu. Waliobaki chini walinitazama, mikono kwapani, na aliyenishikia ngazi alikuwa kijana, amevaa sweta yake ya kofia, zipu hadi kidevuni.